Nondo wa kijivu kwenye mtego wa nyanya: uchambuzi wa kisa kimoja cha milimani

Nusu eka ya nyanya kwenye mteremko wa Lushoto, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Miche ina wiki saba tangu ihamishwe kitaluni na imeanza kufunga matunda. Majani ya chini yamechorwachorwa, mengine yamebabuka na kukauka. Mitego miwili ya delta, yaani vibanda vidogo vya pembetatu vyenye gundi ndani, iliwekewa chambo cha kuvutia madume ya kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hula majani na matunda ya nyanya. Imenasa nondo 63 ndani ya siku saba, wote wadogo, wote wa kijivu. Dawa ya jamii ya pairethroidi imepigwa mara nne, kila baada ya siku saba, na michoro inazidi. Uamuzi umeshatolewa shambani: ni kantangaze, tena ameshakuwa sugu.

Uamuzi huo umebeba madai mawili, na hakuna hata moja lililopimwa. Hakuna aliyefungua jani lolote, wala aliyemtazama nondo yeyote kwa karibu. Shamba lenyewe ni la mfano: limekusanywa kutokana na hali zinazojirudia kwenye nyanya za milimani, na hesabu zake ni za kufundishia. Vipimo na alama za wadudu ni halisi, na unaweza kuvitumia kesho asubuhi.

Jambo moja la mazingira lisiachwe. Upande wa juu wa nyanya kulikuwa na viazi vilivyochimbwa wiki tatu nyuma, na magunia ya mbegu yamelazwa kwenye banda lililo hatua thelathini tu kutoka mtego wa pili. Palipo na viazi ghalani, nondo wa kijivu si lazima awe kantangaze.

Washukiwa watatu, wote wageni

Wa kwanza ni kantangaze, wengine hutamka kanitangaze, ambaye kwa jina la kitaalamu amezoeleka kama Tuta absoluta. Watu humdhani mdudu wa joto, lakini asili yake ni milimani. Edward Meyrick, mwalimu wa shule huko Marlborough, Uingereza, alimpa jina mwaka 1917 kwa kutumia dume mmoja tu aliyekamatwa Huancayo, Peru, kwenye milima ya Andes, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Alionekana Hispania mwaka 2006, akavuka kuingia Afrika Kaskazini, na kufikia 2014 alikuwa Kenya na Tanzania. Baridi ya Lushoto si kinga dhidi yake. Inachofanya ni kumchelewesha: kwenye nyuzi joto 14 anahitaji takriban siku 76 kutoka yai hadi nondo, kwenye nyuzi 20 kama siku 40, na kwenye nyuzi 27 siku 24 tu.

Wa pili ni nondo wa viazi, Phthorimaea operculella, ambaye naye ametokea Amerika ya Kusini. Hapa pana mtego wa majina. Meyrick alimweka kantangaze kwenye jenasi ya Phthorimaea, wataalamu waliofuata wakamhamisha mara kadhaa hadi akatulia kwenye Tuta mwaka 1994, kisha mwaka 2021 akarudishwa Phthorimaea. Maana yake nondo hawa wawili sasa wanatumia jina moja la ukoo. Ukienda duka la pembejeo ukaomba "chambo cha Phthorimaea", unaweza kuuziwa cha mdudu mwingine. Soma neno la pili kwenye pakiti: absoluta au operculella.

Wa tatu si nondo kabisa. Ni inzi mdogo wa jenasi ya Liriomyza, mweusi mwenye doa la njano mgongoni, urefu milimita mbili hivi. Kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki anayetawala ni Liriomyza huidobrensis, mwingine tena aliyetoka Amerika ya Kusini. Huyu ndiye anayesahaulika, kwa sababu mtego wa kantangaze haumvuti, na watu huamini kile wanachokiona kwenye gundi.

Anza na jani, usianze na mtego

Mtego unakueleza ni madume gani yamepita hewani. Aliyekula jani unamjua kwa kulifungua jani. Chuma vijani 40 vyenye michoro kutoka mashina tofauti, pembeni na katikati ya shamba, juu na chini ya mmea. Usichague vile vilivyoharibika zaidi, kwa kuwa kijani kilichokauka mara nyingi mdudu wake ameshatoka. Inua kimoja kimoja uelekee jua na utazame mwanga ukipita.

Inzi huchora mchirizi: njia nyembamba inayoanza kama uzi, inapinda, inazidi upana kadiri buu anavyokua. Kinyesi chake hukaa kama mstari au vipande vya uzi mweusi ndani ya njia hiyo. Kantangaze hutengeneza baka: eneo pana lisilo na umbo maalumu, ambamo nyama ya jani imeliwa yote ikabaki ngozi ya juu na ya chini, angavu kama nailoni. Kinyesi chake ni punje nyeusi zilizorundikwa, aghalabu upande mmoja wa baka.

Hadi hapo ni rahisi, na vipeperushi vingi huishia hapo. Kinachoharibu ni kwamba L. huidobrensis hupenda kufuata mshipa mkuu na kula upande wa chini wa jani, tena mabuu kadhaa hukaa kwenye kijani kimoja. Michirizi mitano ikikutana inakuwa baka. Ukiliona kwa mbali utaapa ni kantangaze. Kwa hiyo tazama ncha za baka: kama pembeni zinachomoza njia nyembamba kama mizizi, ni michirizi iliyoungana. Tazama pia uso wa jani kama una vidoti vyeupe vingi, kana kwamba mtu amenyunyiza chumvi. Hayo ni matundu ambayo inzi jike hutoboa ili afyonze utomvu. Hakuna nondo anayefanya hivyo.

Kisha pasua baka kwa sindano na umtoe aliyemo. Buu wa inzi hana miguu wala kichwa kinachoonekana. Ni kama punje ya mchele ya njano au ya maziwa, kulabu mbili nyeusi zikichezacheza mdomoni, na hafiki milimita nne. Kiwavi wa nondo ana kichwa kigumu cha rangi ya kahawia au nyeusi, jozi tatu za miguu kifuani, na miguu ya nyama tumboni. Mtu yeyote mwenye kioo cha kukuzia cha mara 10 anaweza kutofautisha hao wawili kwa sekunde tano.

Katika kisa hiki, vijani 31 kati ya 40 vilikuwa vya inzi. Sita vilikuwa na viwavi. Vitatu vilikuwa vitupu na vimekauka mno, vikaandikwa "haijulikani". Viacheni hivyo hivyo. Kukisia ili jedwali lijae ndiko kunakozaa taarifa za uongo.

Kola ya kiwavi

Jani limetenganisha nondo na inzi. Halitenganishi nondo na nondo. Nondo wa viazi naye hula majani ya nyanya akitengeneza baka, naye hutoboa vikonyo na mashina. Kantangaze naye hula majani ya viazi. Ukisikia mtu anasema "yuko kwenye nyanya, basi ni kantangaze", mwombe akuonyeshe kiwavi.

Alama inayoaminika iko nyuma tu ya kichwa, kwenye pingili ya kwanza ya kifua. Hapo kiwavi ana kibamba kigumu kidogo, ambacho hapa tutakiita kola. Mweke kiwavi kwenye karatasi nyeupe, mgongo juu. Akisumbua, mwache dakika mbili kwenye kikopo juu ya barafu, atatulia. Kwanza utaona kichwa, kahawia na king'avu. Shuka nyuma kidogo. Kwa kantangaze, kola ina rangi ileile ya mwili, krimu au kijani hafifu, ila ukingo wake wa nyuma umepigwa mstari mweusi mwembamba, wa mshazari kila upande, na katikati ya mgongo mistari hiyo haikutani. Ni kama mtu aliyevaa shati jeupe lenye utepe mweusi kwenye kola, utepe ukiwa umekatika kisogoni. Kwa nondo wa viazi, kola nzima ni nyeusi au kahawia iliyokolea, ukingo hadi ukingo. Ukishaona zote mbili pamoja mara moja, hutazichanganya tena.

Makosa ya hatua hii yana sababu zinazojulikana. Kubwa ni kutazama viwavi wadogo mno. Kantangaze ana hatua nne za kiwavi: anaanguliwa akiwa chini ya milimita moja na kumaliza akiwa na milimita 7 hadi 8. Katika hatua mbili za kwanza kola haijajichora vya kutosha. Tumia waliozidi milimita 4.

Kosa jingine ni rangi ya mwili. Kantangaze mkubwa hugeuka kijani, kisha waridi. Nondo wa viazi naye huweza kuwa kijani au waridi. Rangi haiamui kitu. Urefu unasaidia upande mmoja tu: kiwavi wa milimita 11 hawezi kuwa kantangaze, lakini wa milimita 7 anaweza kuwa yeyote.

La mwisho ni kiwavi aliyetoka kujivua ngozi. Kwa saa chache kichwa na kola vyote huwa vyeupe, na nondo wa viazi wa namna hiyo atakudanganya kuwa ni mwenzake. Ndiyo maana kiwavi mmoja hatoshi. Tafuta angalau kumi.

Baada ya kuongeza mwendo kwenye mistari mingine ya shamba, walipatikana viwavi 12 wenye ukubwa unaofaa. Tisa walikuwa na utepe mwembamba uliokatika, wawili kola nyeusi nzima, mmoja alikuwa ndiyo kwanza amejivua akawekwa kando. Basi kantangaze yupo kweli shambani, na nondo wa viazi yupo pia. Lakini kwa wingi wa uharibifu, wote wawili wanafuata nyuma ya inzi.

Matunda yalikaguliwa hapohapo. Kantangaze huingia tunda kwa tundu dogo kama la pini, mara nyingi chini ya vile vijani vya kikonyo, usipovifunua hulioni. Tundu kubwa la kuingiza kalamu, lenye kiwavi aliyezama nusu, ni la funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, na ni habari nyingine. Hapa matunda yalikuwa safi isipokuwa mawili.

Nondo 63 wa kwenye gundi

Sasa ndiyo zamu ya mtego. Kantangaze mzima ni nondo mwembamba, urefu milimita 5 hadi 7 akikunja mbawa, mabawa yakifunguliwa milimita 8 hadi 10 hivi. Mbawa za mbele ni za kijivu cha fedha zenye madoa meusi. Papasio ndefu zina pingili nyeusi na nyeupe kwa zamu, kama shanga. Nondo wa viazi ni mkubwa zaidi, milimita 12 hadi 16 mabawa yakiwa wazi, na rangi yake inaelekea majani makavu, yenye vidoti vyeusi.

Mabango mengi huonyesha nondo wa viazi mwenye alama ya X mgongoni akikunja mbawa. Alama hiyo ni ya jike. Chambo cha feromoni kinaiga harufu ya jike, kwa hiyo kinachokuja mtegoni ni madume, na dume hana X. Ana vidoti viwili au vitatu tu kila bawa. Wanaokagua mitego kwa kutafuta X watakagua mwaka mzima wasiione, na kila nondo wataandika "kantangaze". Hili ni kosa la kufundishwa, na linasikitisha kwa sababu wenye kulifanya ni watu makini waliofuata bango neno kwa neno.

Tatizo la pili ni gundi. Rangi ya nondo ni vumbi la magamba, na nondo akipapatika kwenye gundi siku tatu vumbi lote hutoka. Anabaki kijivu. Kati ya 63, nondo 24 hawakuwa na alama yoyote ya kusomeka. Kwa hao, na kwa uhakika wa wote, kinachobaki ni kufungua sehemu za uzazi za dume, ambazo hutofautiana spishi kwa spishi na hazifutiki.

Kazi hiyo yataka darubini ya maabara na mkono uliotulia. Kata kipande cha karatasi kuzunguka nondo, kiloweke kwenye mafuta ya taa hadi gundi ilegee, mbali kabisa na moto, kisha msuuze kwenye ethanoli. Vunja tumbo lake kwa kibanio. Liweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 usiku kucha, au kwenye bafu la maji moto kwa dakika 15 hadi 20. Vaa glovu na miwani, kimiminika hicho kinachoma ngozi na macho. Suuza kwa maji, sugua magamba kwa brashi laini, weka kwenye tone la gliserini na utazame. Kwa kantangaze, vikamatio viwili vya pembeni, ambavyo dume humshikia jike, vina umbo la kidole, ncha zina vinyweleo, na ukingo wa ndani una uvimbe katikati. Linganisha na mchoro sahihi wa spishi zote mbili ukiwa mezani, usitegemee kumbukumbu. Wakiloweka kupita kiasi kwenye kemikali, vidole hivyo hulainika na kupinda, na hapo ndipo wanafunzi hugundua "spishi mpya".

Walifunguliwa nondo kumi kutoka kila mtego. Mtego wa kwanza, ulio chini ya shamba: kantangaze tisa, na mmoja wa familia hiyohiyo ya Gelechiidae asiye mmoja wa hawa wawili, pengine anayeishi kwenye mnavu wa porini. Mtego wa pili, karibu na banda: kantangaze watatu, nondo wa viazi sita, mmoja aliharibika.

Nondo wa viazi sita wanafanya nini kwenye chambo cha kantangaze? Feromoni zao ni kemikali tofauti: ya kantangaze imejengwa juu ya mnyororo wa kaboni 14, ya nondo wa viazi juu ya kaboni 13. Mmoja mmoja anaweza kuangukia mtegoni kwa bahati, sita kati ya kumi hapana. Jibu lilikuwa kwenye vifaa. Kibanda cha mtego wa pili kilikuwa kimetumika msimu uliopita kunasia nondo wa viazi ghalani, na vimpira vya chambo vya aina zote mbili vilihifadhiwa mfuko mmoja kwenye friji. Kiasi kidogo mno cha harufu kinatosha kumwita dume, na plastiki huishika harufu kwa miezi. Kila chambo kiwe na mfuko wake uliofungwa, glovu zake, na kibanda chake kilichoandikwa jina kwa kalamu isiyofutika. Tarehe nayo iandikwe: vimpira vingi huisha nguvu ndani ya wiki nne hadi sita, na mtego mtupu wenye chambo kilichokufa umeshawafanya wengi waamini shamba limepona.

Kilichobadilika shambani

Pairethroidi ilisimamishwa. Buu wa inzi na kiwavi wote wamefichwa kati ya ngozi mbili za jani, na dawa ya kugusa haiwafikii vizuri. Inawafikia vizuri sana nyigu wadogo, kama Diglyphus isaea, wanaotaga kwenye mabuu hayo na kuyaua. Kupiga kila wiki kulikuwa kunawaondolea inzi adui yao. Hii ndiyo maana michoro iliongezeka baada ya kila mzunguko, na ndiyo iliyotafsiriwa kuwa usugu. Kantangaze sugu wapo duniani, lakini usugu haupimwi kwa kuhesabu michirizi ya inzi.

Majani ya chini yenye mabaka yalichumwa, yakafungwa kwenye mifuko ya plastiki nyeusi na kuachwa juani. Kwa viwavi waliobaki ilitumika dawa ya bakteria ya Bt, jioni, ikilengwa majani machanga, kwa sababu huua kiwavi anapoila na inaharibiwa na jua. Magunia ya viazi yalifunguliwa: vifuko vya hariri mishononi, punje za kinyesi kwenye macho ya viazi. Vilivyotobolewa vilitolewa, magunia yakachemshwa, na mbegu zikapangwa kwenye rafu zenye mwanga hafifu.

Ili uthibitisho usibaki kwenye kola peke yake, wale viwavi tisa walilelewa kwenye vikopo vya plastiki vyenye kitambaa chepesi mdomoni na karatasi ya kufyonza unyevu chini, jani jipya kila siku ya pili. Bila hiyo karatasi, ukungu huwahi kabla ya nondo. Saba walitoka nondo, wote kantangaze. Wa kupeleka maabara, kama kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kule Arusha, huandaliwa hivi: kiwavi atumbukizwe kwanza kwenye maji yaliyokaribia kuchemka kwa sekunde chache asije akageuka mweusi, kisha ethanoli ya asilimia 70, wa kupimwa vinasaba aende moja kwa moja kwenye asilimia 95 au zaidi. Nondo mzima asitiwe kwenye pombe, magamba yatatoka. Mfunge mkavu kwenye kiboksi kidogo chenye pamba iliyofunikwa kwa karatasi laini, na lebo ya penseli: mahali, mwinuko, tarehe, mmea, mtego au mkono. Kuna vielelezo vizuri vingi vilivyopotea thamani kwa kukosa hilo neno moja, "mtego" au "mkono".

Kibanda kipya na chambo kipya viliwekwa mahali palepale karibu na banda. Wiki mbili zilizofuata zilileta nondo 11 na 9. Kumi walifunguliwa, wote kumi kantangaze. Vijani vya inzi vilivyowekwa kwenye vikopo siku ya kwanza vilikuwa vimetoa inzi watupu. Vilivyochumwa wiki ya tano baada ya kuacha dawa vilitoa inzi 14 na nyigu 9.